Haya Moja Kabla ya Kicheko

Divine ameniambia niandike kwa Kiswahili, halafu yeye atawatafsiria nyinyi wengine kwa Kiswidi. Nimekubali upesi, maana sasa nina mtu wa kumsingizia. Mkifika mahali nilipotia mzaha na msicheke, jueni kosa ni la mfasiri. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiambiwa sisi miaka yote.

Nilistaafu wiki sita zilizopita. Mlinipa keki, maua, na kiti cha kukunja cha kukalia msituni, na mkuu wa idara akasimama akataja vyeo nilivyopitia. Sitavirudia hapa. Hakuna cheo kilichowahi kunisaidia kuweka mstari mahali pake. Nataka kuwaeleza habari ya neno moja mnalolitumia kila siku kazini. Mnasema, "Huu mstari umewahi, upe haya moja." Au, "Huu ni haya mbili kabisa." Mgeni mmoja wa mwaka jana aliniambia, tena kwa uhakika mkubwa, kwamba haya ni kifupisho cha maneno fulani ya kiufundi ya Kiswidi. Nikamwachia furaha yake. Lakini neno hilo si la Kiswidi jamani. Ni la Bwana Mwakio, karani wa reli, kwa hiyo sina budi kuanza naye.

Nilizaliwa Makongeni, Nairobi, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba yangu, Mtaita wa maneno machache, kazi yake ilikuwa kubadili njia za treni. Anavuta mkono wa chuma, reli zinahama, treni inapita inakotakiwa. Kuwahi ni hatari, kuchelewa ni hatari. Jumapili jioni alikuwa anavaa shati safi, ananishika mkono, tunakwenda ukumbi wa reli, ambako palikuwa na televisheni moja, ya picha nyeusi na nyeupe, iliyofungiwa kabatini na kufunguliwa na katibu wa ukumbi kwa heshima kubwa. Hapo ndipo nilipoviona vichekesho vya Waingereza kwa mara ya kwanza: mabwana wa suti wanazozana juu ya birika la chai, kasisi aliyekosea harusi, mke mwerevu na mume anayedhani yeye ndiye mwerevu. Nilivipenda papo hapo. Sikuwahi kuona watu wazima wakipata taabu kubwa hivyo kwa ajili ya kuficha jambo dogo.

Sasa, nusu ya ukumbi haikujua Kiingereza. Bwana Mwakio, aliyekuwa karani wa stesheni, alisimama kando ya televisheni kutufasiria. Mwigizaji akishasema, wale makarani wa mbele wanacheka. Halafu Bwana Mwakio anasema, "Haya! Anamwambia kwamba..." na akishamaliza, nusu ya pili inacheka. Vicheko viwili kila mara. Baba yangu alikuwa mtu wa kicheko cha pili. Mimi nilikaa kwenye goti lake nikawa namwangalia usoni. Makarani wakicheka, yeye alikuwa anawatazama, ameshaanza kutabasamu kabla hajajua kwa nini, anangoja ruhusa. Nilikuwa na miaka tisa na iliniuma mno. Baba yangu hakuwa mjinga, na pale alikaa kama mjinga.

Bahati nzuri vipindi vile vilirudiwa na kurudiwa. Mara ya pili Bwana Mwakio alikuwa amevishika. Akaacha kungoja maneno, akawa anamtazama mwigizaji kifuani. Mwigizaji akivuta pumzi ya kutaka kusema, Bwana Mwakio anasema "Haya!" na maneno ya wote wawili yanatoka pamoja, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Hapo ukumbi ulicheka kicheko kimoja. Baba alicheka sawa na makarani, mpaka nikaruka ruka juu ya goti lake. Mimi sijasoma chuo chochote cha kazi yetu. Nilichojifunza nilijifunza pale.

Siku moja alitokea mwigizaji Mwingereza aliyejipaka masizi usoni, kavaa majani, ati ni chifu wa Afrika, akawa anabwata vitu visivyo lugha. Tukamtazama Bwana Mwakio. Akakohoa, akasema, "Haya. Anasema wamemwahidi chai na mkate akijipaka masizi, na mpaka sasa mkate hajauona." Salale! Watu walivunjika mbavu. Kila yule bwana alipobwata, Bwana Mwakio alimtafsiria malalamiko mapya kuhusu mkate. Mpaka leo hicho ndicho kichekesho bora cha Kiingereza nilichowahi kuona, na Waingereza wenyewe hawakijui.

Nikasomea uhazili, nikajua hati mkato na kupiga chapa, nikaolewa, nikamfuata mume wangu Stockholm alikokuwa anasoma mambo ya misitu. Tukapata nyumba Norsborg, mwisho kabisa wa njia nyekundu ya treni ya chini. Tangazo la kazi lilinishangaza: wanatafuta mtu anayesikia Kiingereza vizuri na kuandika haraka. Kampuni ilikuwa inatengeneza maandishi ya chini ya picha kwa ajili ya televisheni, na Waswidi walikuwa wanavipenda vichekesho vya Waingereza kuliko hata Waingereza. Shida ni kwamba mara nyingi kanda zilifika bila karatasi za maneno. Wafasiri walikuwa mabingwa wa Kiingereza cha vitabuni, lakini mwigizaji akiongea kama mtu wa Uskoti, wanatazamana. Mimi shuleni nilifundishwa na mwalimu Mskoti aliyetuchapa kwa lafudhi hiyohiyo. Nikapata kazi.

Siku ya kwanza nilipelekwa chumba kidogo kisicho na dirisha, nikamkuta mwanamke mrefu, mkavu, ana penseli masikioni, moja kila upande. Huyo ndiye Gunvor, mfasiri wa vichekesho, mtu wa kaskazini kabisa ambako jua wakati wa baridi ni uvumi tu. Nikamsalimia, nikamwuliza kama hapa ndipo pa kukaa. Akavuta pumzi ndani kwa ghafla, "Shup!", kama mtu aliyekanyaga msumari. Nikaruka kutoka kwenye kiti. Nikauliza, basi nikae kile kingine? "Shup!" Nikainuka tena. Nilisimama karibu ukutani nusu saa nzima, nikidhani huyu mama ana pumu, au hapendi watu weusi, au yote mawili. Mwishowe akageuka, akasema, "Mbona hukai? Nimesema ndiyo mara mbili." Huko kwao, kumbe, ndiyo haisemwi, inavutwa. Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Naye, ambaye nilikuja kujua hacheki ovyo, alicheka.

Jina langu, Mghoi, liliwashinda wote pale ofisini. Waliniita Magoi, wengine Migo, mmoja aliniita Margot kwa mwaka mzima. Gunvor aliliandika kwenye karatasi, akaenda nalo nyumbani, akarudi Jumatatu analitamka sawasawa. Mimi nami nikaanza kumwita Mama Gunvor, ingawa hakuwa na mtoto na Uswidi kila mtu ni jina lake tu, hata waziri mkuu. Alisema hajawahi kupewa cheo kilichomfaa hivyo.

Nyinyi hamkuiona mashine yetu. Ilikuwa kubwa kama jiko la shule, ina kitufe kimoja cha kijani. Gunvor anaandika tafsiri, mistari miwili, isizidi, kwa sababu jicho la mtu halina miguu minne. Kisha mimi naivaa hedifoni, kanda inazunguka, na kila mstari unapotakiwa kutokea nabonyeza kitufe. Ukibonyeza baada ya kusikia, umechelewa. Ukibonyeza kwa kubahatisha, umewahi, na kuwahi ni dhambi kubwa zaidi: mtu nyumbani kwake anasoma mzaha na kuucheka huku mwigizaji bado hajafungua mdomo. Umemwibia mwigizaji mkate wake. Wiki ya kwanza niliwaibia wengi. Gunvor akarudisha kanda, akasema, "Tena." Akarudisha, "Tena." Hakukasirika hata mara moja, na hilo lilinitisha zaidi.

Siku ya tano nikaacha kusikiliza maneno. Nikamtazama mwigizaji kifuani. Akavuta pumzi, nami bila kujua nikasema kwa sauti, "Haya!" na kubonyeza. Mstari ukakaa pale pale. Gunvor akanitazama juu ya miwani. "Umesema nini?" Nikamweleza habari za ukumbi wa reli, za Bwana Mwakio, za baba. Akasema, "Kwa hiyo kazi yetu ni kwamba pasiwe na kicheko cha pili." Nikamwambia ndiyo. Naam, kwa namna ya kwao: "Shup!" Tangu hapo akawa anaandika pembeni mwa tafsiri zake kwa penseli mstari ungoje pumzi ngapi: haya moja, haya mbili, nusu haya. Wengine wakaiga, na ndivyo neno la karani wa reli lilivyoingia kwenye idara yenu.

Miaka ile ilikuwa mizuri, na sitajifanya mnyenyekevu juu yake. Tulikaa vile wawili na Waingereza wenye akili ya ajabu. Nilijifunza kwamba mchekeshaji mkubwa hafanyi haraka. Anasema jambo la kawaida, anatazama kikombe chake, anakuacha uteseke, ndipo anasema neno moja. Walikuwa wanachekea unyonge wao wenyewe: mwanamume asiye na madaraka anayejifanya anayo, familia inayotaka majirani waidhanie kuwa na pesa. Nilikuwa nafika nyumbani Norsborg, namsimulia mume wangu kwa Kiswahili, huku binti yetu anajibu kwa Kiswidi kwamba mama anaharibu. Watu kwenye treni ya asubuhi walikuwa wanarudia mistari ya Gunvor ya jana yake. Nilijifanya nasoma gazeti, moyo umejaa.

Ya kupendeza kuliko yote ilikuwa tamthilia ya ndugu wawili mafundi wa miavuli, katika mji wa pwani ambako mvua haikatiki, na bado hawapati wateja. Kaka mkubwa alikuwa bahili wa kila kitu, wa fedha, wa sukari, wa maneno. Gunvor alimpenda huyo bahili kwa dhati. Nafikiri alimfahamu.

Ilikuwa wakati wa kazi ya miavuli hiyo ndipo nilipogundua. Tulikuwa kwenye kahawa, mtu akatoa mzaha mezani, tukacheka. Gunvor akatutazama nyuso, akiwa ameshaanza kutabasamu, akangoja, halafu akacheka. Kijiko kilinianguka. Nilikuwa sijauona uso ule tangu Makongeni. Nikarudi chumbani nikaanza kuangalia mambo niliyoyaona na kuyapuuza: jinsi alivyosema "rudisha" mara tatu, alivyokaa upande wangu wa kulia siku zote, na ile sauti ya hedifoni yake iliyovuma mpaka naisikia mimi. Mama Gunvor alikuwa anapoteza masikio, na masikio ndiyo yaliyokuwa maisha yake. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, alikuwa na Waingereza.

Sikumwambia kitu. Kesho yake nikaanza kuandika kila neno la kanda kwa hati mkato na kulipiga chapa, hata palipokuwa na karatasi za maneno, nikasema ni kwa ajili ya kumbukumbu. Aliipokea karatasi, akaitazama, akanitazama. "Shup," akasema taratibu. Tukafanya kazi hivyo kwa miaka. Mimi sikio, yeye kalamu. Alikuwa anasoma maneno huku anamwangalia mwigizaji kifuani, na tafsiri zake zilikuwa bora kuliko zamani. Hakuna aliyejua.

Mpaka siku ya kofia. Niwaeleze kosa lenyewe, kwa sababu ni langu, na ni kosa ambalo mtu wa Stockholm asingelifanya. Kwa masikio ya shule yetu, kwa Kiingereza kofia, moyo na kibanda, yaani hat, heart na hut, ni neno moja. Tunayatofautisha kwa kuangalia habari inahusu nini. Sasa katika kipindi kimoja cha mwisho cha miavuli, yule bahili anakwenda kwa daktari. Daktari anamwambia, "Moyo wako umechakaa, bwana." Bahili anakaa kimya kirefu, anamtazama mdogo wake, anavuta pumzi: "Haiwezekani. Nimeutumia mara moja tu." Mimi siku hiyo nilikuwa nasikiliza kanda bila picha, kwa vile mashine ilikuwa kwa fundi. Bahili, kitu kuchakaa, kukitumia mara moja: nikaona ni kofia, wazi kabisa. Nikapiga chapa kofia. Gunvor, akiiamini karatasi yangu, akatafsiri kofia. Mzaha ukakaa sawa, kwa kuwa mtu bahili kweli anaweza kuvaa kofia mara moja tu. Hata mimi nilipoweka mistari sikushtuka, nilikuwa nakitazama kile kifua nikisema haya.

Taifa zima likamwona daktari ameweka kipimo kwenye kifua cha mgonjwa, anasikiliza kwa makini, halafu anatangaza kwamba kofia imechakaa.

Barua zilikuja. Nyingine zilitusifu, wenyewe walidhani ni makusudi. Lakini mkuu wa idara wa wakati huo, Lennart, mtu mpole mwenye fulana za sufu, alituita wote wawili. Alimwuliza Gunvor, "Picha umeiona na sauti umeisikia. Ilikuwaje?" Nikadakia, nikasema ni mimi, nilipiga chapa vibaya, nikaanza kueleza habari ya shule yetu na vibanda na mioyo. Nilikuwa naongea kama cherehani. Lennart akasema, "Mghoi, nimeelewa. Lakini Gunvor, wewe hukusikia?" Aliuliza akiwa ameinamisha kichwa kwenye barua, hivyo Gunvor hakuuona mdomo wake. Gunvor akanigeukia mimi. Akaanza kutabasamu. Akangoja.

Nilitamani sakafu inimeze. Nikamgusa mkono, nikasema polepole, usoni kwake, "Anauliza kama hukusikia." Akavua penseli zote mbili masikioni, akaziweka mezani. "Hapana," akasema. "Sisikii. Nina miaka saba sisikii. Mghoi ndiye anayesikia." Kisha akauliza bahili alisema nini hasa. Lennart akaandika kwenye bahasha. Gunvor akasoma, akasema, "Moyo ni bora kuliko kofia." Wala hakucheka. Mzaha uliofika kwa bahasha hauchekeshi mtu.

Hii ni Uswidi, kwa hiyo hawakumfukuza, walimwita mikutanoni. Muuguzi wa kazini alikuja, vifaa vya masikioni vikaletwa, vikapiga mluzi, vikarudishwa sandukuni. Tukaendelea kwa wazi kile tulichokuwa tunakifanya kwa siri, mpaka akastaafu. Siku anaondoka alinipa penseli moja, nyingine akabaki nayo. Kile kipindi cha daktari kikarekebishwa kwenye karatasi na kuwekwa kabatini, hakikurudiwa tena. Mara nyingi nilikuwa nafikiria: mfasiri wa huo mzaha ndiye mtu pekee nchini ambaye hajapata kuucheka.

Baadaye mambo yakabadilika, kama mnavyojua nyinyi zaidi yangu. Kompyuta zikaja, sauti ikawa mchoro wa milima na mabonde, kila mtu anaona neno linapoanzia. Na Waingereza wenyewe wakabadilika. Wakaondoa kicheko cha ukumbini. Siku hizi mtu anafanya jambo la aibu, kamera inamkazia macho, yeye anaikazia kamera, na hakuna anayesema kitu. Mara ya kwanza nilidhani sauti imekatika. Divine, aliyezaliwa Fittja, jirani na Norsborg, kwa wazazi Warundi na aliyekuja kwetu akiwa hajafikisha miaka thelathini, alikuwa anaanguka kwenye meza kwa kicheko huku mimi namtazama usoni. Nikajikuta natabasamu, nangoja. Alaa! Nikajua nimekuwa mtu wa kicheko cha pili. "Shangazi," akaniambia, "niko nakuonyesha tena, angalia vidole vyake." Nikaangalia vidole. Kweli, vilichekesha. Kipaji ni kilekile, kimehama tu kutoka mdomoni kwenda vidoleni.

Si kila kitu cha zamani kilistahili kubaki. Mwaka jana kanda za kale zilipotolewa ili zionyeshwe upya, alitokea bwana mwingine wa masizi na majani. Divine akasimamisha. "Shangazi, hii ilikuwa inawachekeshea nini?" Nikamsimulia Bwana Mwakio na mkate. Akacheka mpaka akalia, kisha akafuta macho, akaandika kwa mkuu wa idara kwamba kipindi hicho kisitoke. Akanigeuzia kompyuta nisome. Nikatia jina langu chini ya lake. Mkate wa Bwana Mwakio tumeubakiza sisi, na huo ndio ulikuwa na ladha.

Katika kanda hizohizo walikuwamo mafundi wa miavuli. Nikaomba vipindi vyao viwe kazi yangu ya mwisho. Maneno ya Gunvor yalibaki, ila yalitakiwa kuwekwa upya kwenye picha, na sasa programu inayaweka yenyewe kwa dakika chache. Nilipofika kwa daktari, programu ilikuwa imeweka kauli zote mbili pamoja, moja juu ya nyingine. Msomaji anasoma kwamba moyo umechakaa, na hapohapo anasoma jibu, huku bahili bado anamtazama mdogo wake.

"Ziko sawa kwa kanuni," Divine akasema. "Asiyesikia anasoma tu, si kitu."

"Asiyesikia atacheka peke yake," nikamwambia, "na wenzake watamgeukia."

Nikamweleza Gunvor. Nilikuwa sijawahi kumweleza yote. Gunvor sasa ana miaka karibu tisini, yuko nyumba ya wazee upande wa kusini mwa mji, na hasikii hata radi. Siku za Alhamisi alasiri wanakusanyika sebuleni kutazama televisheni, na kipindi hiki kingefika hapo. Divine akavuta kiti, akasema, "Basi tuzitenganishe." Tukaweka kauli ya daktari. Tukaiondoa. Tukaacha picha tupu, na programu ikatuonya kwa rangi nyekundu, tukaiambia nyamaza. Nikazima mchoro wa sauti, nikavua hedifoni, nikaitazama picha kwa macho tu, kama atakavyoitazama yeye. Nilirudia mara kumi na moja. Ni haya mbili, kwa wale watakaouliza.

Alhamisi kipindi kilipoonyeshwa tulikwenda pamoja, Divine na mimi. Wazee kama kumi na wawili walikuwa wamekaa na kahawa yao. Gunvor alikuwa mbele, penseli moja sikioni. Hakutuona tukiingia. Nikasimama nyuma karibu na mlango. Divine akanishika kiwiko.

Daktari akaweka kipimo kifuani. Maandishi yakatokea: Moyo wako umechakaa, bwana. Gunvor akainamia mbele. Maandishi yakaondoka, picha ikabaki tupu, bahili anamtazama mdogo wake, kimya, kimya, na mimi sikuwa naangalia televisheni tena, nilikuwa naangalia mgongo wa Gunvor. Bahili akavuta pumzi. Gunvor naye akavuta, "Shup!", chumba kizima kikasikia. Nikasema, "Haya."

Sebule nzima ikacheka, na Gunvor ndani yake, kichwa nyuma, mkono kifuani. Nikatega sikio nisikie kicheko cha pili. Hakikuja.